Wati Kumi na Tano za Kibugu

Meru mjini, 4 Februari 2024

Shemeji Kithaka,

Salamu kwenu. Sisi tu wazima, ila goti la dada yako Wamuyu bado linamsumbua. Natumai mkeo Nkirote hajambo na majani chai yanachumwa. Simu sikupigii, mara ya mwisho ulinikatia.

Jana nilikutafuta redioni jioni nzima. Nilimsikia mtu wa Arusha, nikasikia radi. Wewe sikukusikia. Transmita hiyo unayosemea, mashine ya kurushia sauti hewani, ilikuwa ya marehemu kaka yangu Liban. Tulipokimbia Wajir niliacha kitanda, nikaibeba. Hapa Meru ilitoa wati hamsini miaka yote, hadi mwenye nyumba alipokataza antena juu ya paa, nikabaki na redio ya kusikilizia tu. Nilikuazima ili iseme, na wewe umeifanya bubu.

Mwenye hoteli moja anaitaka aiweke mapokezi, karibu na maua ya plastiki. Ikiwa haitasikika kabla ya Ramadhani, nitampa.

Shemeji yako mkubwa,
Isaack

Kibugu, 11 Februari 2024

Shemeji Isaack,

Bwana asifiwe. Huku tuko salama, chai inachumwa. Pole kwa goti la dada, na pole zaidi kwake kwa kuishi na wewe.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikicheka. Mashine yako ni kama mwenyewe: moto mwingi, kazi kidogo. Mita inasema wati kumi na tano. Nimebadilisha valvu zote mbili za mwisho, zile za kusukuma sauti nje. Kumi na tano. Nimefunga balbu mahali pa antena, ikawaka hafifu, kama jicho la mtu wa homa. Umeme nimeupima kabla ya kuwasha: volti mia mbili na arobaini, safi kabisa. Kwa hivyo mgonjwa ni mashine.

Mpe huyo wa hoteli. Itapendeza na maua.

Shemeji yako,
Kithaka

Meru mjini, 19 Februari 2024

Shemeji,

Hatujambo, goti linaendelea vizuri. Akili yako ndiyo inayonipa wasiwasi.

Umetoa valvu nzima ukaweka valvu nzima, kama mtu anayebadilisha shati ili homa ishuke. Halafu ukapima umeme mashine ikiwa imezimwa. Punda wako pia ana nguvu sana kabla ya kufungiwa mkokoteni. Washa, bonyeza kitufe, sema, na macho yawe kwenye mita ya umeme. Niandikie namba, maoni yako yametosha.

Na uniambie umeme huo unatoka wapi. Nkirote amemwambia Wamuyu kwamba hujakanyaga sebuleni na redio yako tangu Krismasi.

Isaack, shemeji yako

Kibugu, 25 Februari 2024

Shemeji,

Tuko wazima.

Kabla ya kubonyeza, volti mia mbili thelathini na nane. Nikibonyeza, mia moja na sabini.

Waya ni wa simu za zamani. Unatoka jikoni hadi banda la ndama, na una viungo vinne nilivyovisokota kwa mkono. Nikisema redioni, televisheni ya Nkirote nayo inasema kwa sauti yangu, kwa hivyo alinihamisha. Anayenisikiliza ni ndama.

Sasa cheka, umalize.

Shemeji yako,
Kithaka

Meru mjini, 3 Machi 2024

Shemeji Kithaka,

Salamu. Wamuyu amecheka hadi akasahau goti. Mimi sikucheka. Nilihamishwa na watu wenye bunduki, wewe na tamthilia za Nkirote. Hata hivyo ni kuhamishwa. Lakini kulisha mashine ile kwa waya wa simu, mwembamba hadi umeme unaishia njiani, huo ni upumbavu ambao fundi wa baiskeli angekataa kuufanya.

Jana jioni nilikaa redioni. Naona umenunua waya wa maana. Nilisikia kila neno, yakiwemo matusi yako kwangu, na ndama akiitikia. Kabla ya neno la kwanza nilisikia ule mvumo mdogo wa mashine, kama mtu anayesafisha koo. Mara ya mwisho kuusikia nikiwa upande wa kusikiliza, aliyekuwa akitaka kusema alikuwa Liban.

Mwenye hoteli nimemwambia aongeze maua.

Kukujibu hewani siwezi, unajua. Jumamosi usianze na matusi papo hapo. Bonyeza kwanza, unyamaze kidogo.

Shemeji yako mkubwa,
Isaack