Saini Iliyofukuza Meli

KITUO CHA POLISI POINTE CORBEAU
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Clothilde Marie Prosper
Umri: Miaka 58
Kazi: Muuza viungo na kakao gatini, mwenyekiti wa Umoja wa Wapokea Wageni
Makazi: Mtaa wa Kanisani, nyumba yenye turubai la bluu
Dini: Mkatoliki
Tarehe na saa: 9 Machi, saa 4:20 asubuhi
Mwandishi wa maelezo: Sajini Alphonse Bellot

Mimi niliyetajwa hapo juu nimekuja kituoni kwa miguu yangu. Sikukamatwa, ingawa leo wapo waliosimama milangoni kunitazama kana kwamba nimefungwa pingu. Nimeonywa kusema kweli. Ningeisema hata bila kuonywa.

Mnamo tarehe 19 Septemba mwaka jana, majira ya saa saba mchana, Kimbunga Lenora kiliezua nyumba yangu. Bati moja lilitoka kwa jirani, likaingia dirishani na kunivunja mkono wa kulia, kiwiko pamoja na kiganja. Aliyenitoa chini ya meza ni Ignatia Royer, miaka 57, jirani yangu na katibu wa Umoja wetu. Alichana shuka lake akanifunga mkono, kisha akanilalia juu mpaka upepo ulipopungua. Mimi ndiye mama wa ubatizo wa binti yake, Marise, kwa hiyo mimi na Ignatia tunaitana makome. Kwetu makome si mtu wa kusalimiana naye njiani tu. Nilikuwa simfichi kitu.

Nilifungwa plasta hadi begani. Misaada yote ilikuwa inatolewa kwa saini: turubai, mchele, maji, hata misumari. Mgawaji aliniambia niweke dole gumba, nikakataa. Mimi nilisomeshwa na masista, na saini yangu ilikuwa ikisifiwa mpaka benki. Sikutaka kuonekana mbumbumbu mbele ya foleni nzima.

Hivyo mnamo tarehe 2 Oktoba, saa tisa alasiri, jikoni kwa Ignatia, nilimfundisha saini yangu. Nilisimama nyuma yake nikimwelekeza kwa kidole cha kushoto: C ianzie juu kama ndoana, P ifunge tumbo, na mkia wa mwisho urudi kupita chini ya jina lote. Alijaza kurasa mbili za daftari. Ya kumi na tisa hata mimi sikuweza kuitofautisha na yangu. Tulicheka sana siku ile, na hatukuwa tumecheka tangu upepo. Aliniambia, "Makome, sasa hata ukifa, mchele wako nitaendelea kuupokea." Nikamwambia atangulie yeye, mimi bado nina foleni ya maji.

Jikoni humo humo, siku nyingine ya mwezi huo, nililia mbele yake. Nilimwambia kwamba sijui nitawezaje tena kutabasamu mbele ya mgeni. Naomba hili liandikwe, kwa sababu nitalirudia.

Plasta ilitolewa tarehe 6 Januari. Vidole viwili havikunjiki hadi leo. Nikisaini sasa, ni kama kuku kapita kwenye majivu. Tarehe 13 Januari nilikwenda posta kuchukua kifurushi kutoka kwa kaka yangu, karani akaikataa saini yangu. Alisema hailingani na iliyo kwenye kumbukumbu, nimlete yule mama anayenisainia. Ignatia akaja, akasaini, nikapewa mzigo wangu. Niliona ni kichekesho, nikamsimulia kila mtu.

Mnamo tarehe 15 Januari, saa nne asubuhi, alifika mpangaji wa ratiba kutoka kampuni ya meli za watalii, Bi. Maureen Tolland. Alikutana nasi katika ukumbi wa shule, akatandika ramani mezani. Alieleza kuwa kimbunga kimeharibu bandari za visiwa vingi, kwa hiyo anapanga upya safari zote za Machi na Aprili. Kisiwa chetu kimebakiwa na meli mbili za kila wiki, na zote zitatia nanga bandari moja. Itakuwa sisi au Baie Rouge, upande wa pili wa kisiwa. Abiria hulipia safari kwa kutazama ratiba, alisema, na mahali pasipo na uhakika hapaandikwi. Alitaka barua ya Umoja, yenye saini ya mwenyekiti, imfikie kabla ya saa sita mchana tarehe 27 Januari, ikisema kama tuko tayari kupokea wageni au hatuko.

Tulikuwa tayari. Gati lilikwisha kutengenezwa tangu Desemba. Wanawake tulifyeka njia ya kwenda maporomokoni kwa mapanga, mimi nikifyeka kwa mkono wa kushoto. Nguzo za vibanda tulizipaka rangi ya bluu iliyobaki kwenye boti za uvuvi. Ferdinand Casimir, kiongozi wa madereva wa teksi, aliweka vioo vipya kwenye gari lake kabla hajaweka paa nyumbani kwake, na mkewe hajamsamehe. Mji huu hauna kiwanda, na migomba yote ililala. Kila mtu alijua kwamba bila zile meli, watakaobaki hapa ni wazee na makaburi.

Tarehe 26 Januari, saa kumi jioni, katika ofisi ya Umoja, nilimsomea Ignatia maneno ya barua naye akayapiga kwenye kompyuta. Barua ilikuwa fupi. Ilisema tuko tayari, gati liko imara, njooni. Nilijaribu kusaini mwenyewe nikaharibu karatasi mbili. Ignatia akasema tusipeleke barua inayoonekana imeandikwa na mgonjwa. Nikamwambia anisainie. Akasaini mbele yangu, nikaisoma tena, nikaibusu ile karatasi. Mtandao ulikuwa umekatika, akasema ataituma asubuhi.

Kuanzia hapo, kila nilipomuuliza kama kampuni imejibu, alisema bado. Barua pepe za Umoja zilikuwa zinaingia kwake peke yake.

Mnamo tarehe 3 Machi, saa moja na dakika kumi asubuhi, mtu mmoja alipuliza kombe la baharini pale rasini kutujulisha kuwa meli inaonekana. Mji mzima ulishuka gatini. Wanawake tulivaa sketi zetu za miraba na vilemba. Mimi nilibeba kungumanga, mdalasini na vijiti vya kakao nilivyovisokota kwa viganja viwili, kimoja kizima. Ferdinand alipanga teksi kumi na moja mstari mmoja. Sikumwona Ignatia, nikadhani ameshikwa na mafua.

Meli ilisogea mpaka tukaona nyuso za watu. Abiria walitupungia mikono, nasi tukawapungia. Tuliendelea kupunga. Kisha meli ikazunguka rasi ikaelekea Baie Rouge, na sisi mikono bado iko juu.

Saa sita kasoro robo, Ferdinand alikuja kibandani kwangu na simu yake. Binamu yake wa Baie Rouge alikuwa amemtumia picha ya barua. Aliniuliza, "Mama Clothilde, walikupa nini?" Nikamuuliza nani kanipa nini. Akanionyesha.

Barua ilikuwa ya tarehe 27 Januari, kwenye karatasi yenye kichwa cha Umoja. Ilisema Pointe Corbeau haiko tayari msimu huu, na ilipendekeza meli ziende Baie Rouge. Chini yake ilikuwapo saini yangu, yenye ndoana na tumbo na mkia, nzuri kama nilivyokuwa naiandika kabla ya kimbunga. Lakini kilichonimaliza si saini. Ni sentensi ya tatu. Iliandikwa: "Watu wetu hawajui watawezaje tena kutabasamu mbele ya mgeni." Maneno yale nilimwambia mtu mmoja tu duniani, nikiwa na kamasi puani.

Siku iliyofuata, saa tatu asubuhi, nilimpigia simu Bi. Tolland. Alikuwa na adabu sana. Alisema walisikitika, tena waliisoma barua yangu kwa sauti kikaoni na mmoja wao akalia. Ratiba ilikwisha kuchapishwa, abiria wamekwisha kununua safari zao, haiwezi kubadilishwa mpaka msimu ujao. Nilipokata simu na kutoka nje, nilikuta kibanda changu kimeandikwa TUMEUZWA kwa rangi ile ile ya bluu tuliyopakia nguzo.

Tarehe 5 Machi, saa nane mchana, nilikwenda kwa Ignatia. Alikuwa kibarazani akimenya mbaazi. Hakunikaribisha kiti, wala mimi sikutaka.

Nilimuuliza, "Barua yangu iko wapi?"

Akasema, "Niliichana. Marise hana paa, makome. Kule Baie Rouge wamempa kibanda, na chumba nyuma yake. Meli zikija huku, wanamtoa."

"Ungeniambia."

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo. Halafu tungempangia mimi na wewe pa kulala."

"Chini ya turubai lako?" Aliendelea kumenya. "Na usiniite mwizi. Mimi sikuiba. Wewe mwenyewe ulinishika bega ukanifundisha."

Nilimwambia asiniite makome tena. Akasema basi nimwambie Marise kwa mdomo wangu kuwa mama yake wa ubatizo anamtaka arudi kulala shuleni na wahanga. Niliona mbaazi zinamwagika miguuni pake, na mkono wangu ukataka kuinama kuziokota kama ulivyozoea. Nikaondoka kabla haujainama.

Mnamo tarehe 7 Machi madereva wa teksi walileta malalamiko kituoni, wakinitaja mimi. Ndiyo sababu nimeitwa.

Nimeulizwa kama ni kweli nilimruhusu Ignatia Royer kutumia saini yangu. Ni kweli. Nilimruhusu kwa turubai, mchele, maji, misumari, kifurushi cha posta, na barua ya tarehe 26 Januari inayosema njooni. Nimeulizwa kama niliwahi kumwambia aache. Sikuwahi kumwambia, maana sikujua kama kuna siku ya kumwambia. Barua ya tarehe 27 sikuisoma, sikuisema, sikuijua. Nilimpa saini. Barua sikumpa.

Sajini amenieleza kwamba maneno haya yanaweza kumfunga Ignatia, na Marise akanyang'anywa kibanda, kwa kuwa kilipatikana kwa hila. Nimeelewa. Nilimshika Marise kichwani juu ya maji ya ubatizo akiwa na siku arobaini. Nikinyamaza, mji utaamini mpaka nazikwa kwamba niliwauza. Nimefikiri usiku tatu. Nina hasira, na nina huzuni, na yote mawili ni ya mtu mmoja. Kama angeniibia kuku au nyumba, ningemkemea mwaka mzima kisha tungekunywa kakao. Alichukua kilio changu akakipigia mhuri.

Sidai alipwe ubaya. Naomba tu ijulikane nani aliandika nini.

Hapo ndipo maelezo yangu yanapokoma. Nimesomewa, nimeyasikia, hakuna la kuongeza wala kupunguza.

Saini ya shahidi: (alama ya dole gumba la kushoto)

MAELEZO YA AFISA

Mimi Sajini Alphonse Bellot nathibitisha kuwa nimeandika maelezo haya kwa mkono wangu na kumsomea shahidi mwenyewe saa 6:05 mchana. Mtuhumiwa Ignatia Royer alikuwa amekwisha kufika kwa ajili ya mahojiano na ameketi kwenye benchi la korido, mlango ukiwa wazi. Nilipomwambia shahidi kwa sauti, "Bi. Prosper, sasa saini hapa," mtuhumiwa alinyanyuka kwenye benchi na kunyoosha mkono apewe kalamu. Nilimwamuru akae. Alijitazama mkono, akakaa.

Shahidi aliona. Nilimpa kalamu, akairudisha mezani, akasema ataweka dole gumba. Nilimkumbusha kuwa anajua kusoma na kuandika na hahitaji kuweka dole gumba. Alijibu kwamba analijua hilo, kisha akaomba wino.

A. Bellot, Sajini