Kwa Mama Zawadi, Kabla Sijaenda Kufukuza Ndege

Mama Zawadi wangu, weye uliyenuka majani hata siku ya Pasaka,

Usianze kucheka mwandiko. Nimeazima miwani ya jirani, kioo kimoja kimepasuka, ndiyo maana mistari inapanda kama njia ya kwenda Mulenge milimani. Masomo yangu unayajua: niliacha kelasi mwaka wa tatu, mwalimu akamshukuru Mungu kwa sauti. Lakini haya lazima niandike mwenyewe. Nikimpa mtu aniandikie, kesho asubuhi mtaa wote wa Mulongwe utakuwa umesoma.

Neno lenyewe ni hili: ninaacha kazi ya maua. Binti yetu ameniita Luberizi. Mpunga wao umeanza kushika punje, ndege wanashuka kama wakwe kwenye sherehe, na wanatafuta mtu wa kukaa kwenye kibanda na kupiga debe. Zawadi akaniambia, "Papa, kazi iko rahisi. Ni kukaa tu na kupiga kelele." Nikamjibu, "Mwanangu, kwa hiyo kazi mama yako alishanipatia diplome."

Basi nimekunja mkeka, nimefunga sufuria mbili na mkasi. Lakini mguu hautoki mlangoni. Kwenda Luberizi ni kukuacha weye kule juu makaburini, na lile kosa langu limekaa kichwani pako. Unalijua. Nitalifikia. Acha kwanza nizunguke kidogo, mimi sikuwahi kuingia nyumbani kwa mlango wa mbele.

Unakumbuka lengalenga? Ulikuwa unauza mboga sokoni, msichana mwenye shingo ndefu na mdomo mbaya. Nilinunua fungu moja, na juu ya fungu ulikuwa umechomeka zinia, lile ua gumu la rangi ya embe bivu. Nikasema moyoni, huyu amenipenda. Nikalibeba ua mpaka nyumbani kama yai. Siku saba nilirudi kununua, siku saba nilikula lengalenga, mama yangu akauliza kama nimegeuka mbuzi. Siku ya nane nikajitia ujasiri nikakuuliza, "Haya maua unayonipa, yana maana gani?" Ukaniangalia toka juu mpaka kwenye kandambili. "Maana gani? Kila mutu napea. Ule muzee mwenye kikohozi nilimupea mawili."

Sijawahi kumsamehe yule mzee. Lakini hilo fungu la lengalenga, kwangu, ndilo la kwanza kati ya yote tuliyotengeneza. Mpaka leo nikifumba macho naliona: kijani chini, jua dogo juu.

Halafu ile altare ya parokia. Ulikuwa na homa, ukanituma peke yangu, ukaniambia nisifanye mengi. Basi nikafanya mengi. Arumu nyeupe, zile za umbo la tarumbeta zinazoota kwenye maji ya baridi kule Mulenge, nilizipanga zikapanda, zikapanda, mpaka padri aliposimama kuhubiri tukaona nywele tu. Watu walisema hawajapata kusikia mahubiri mazuri hivyo. Ulipopata habari ulicheka mpaka homa ikashuka. Padri alikuja kukulalamikia, ukamwambia kwa unyenyekevu wote, "Mon père, yale ni maua ya Bwana. Bwana ndiye alitaka kuonekana."

Na ile ya mvuvi. Hiyo nairudia sana nikiwa nimelala mchana, kati ya usingizi na nzi. Mjane alikuja na wavu wa zamani wa bwana yake chini ya kwapa, akauweka mezani. Weye ukaukata duara, ukauvuta juu ya waya wa kurone, kile kiduara tunachovisha maua ya msiba. Ukachukua vitumba vya franjipani, vyeupe, vyembamba, ukavichomeka kimoja kimoja kwenye matundu ya wavu. Sikuelewa mpaka uliponipa niishike juani. Ilikuwa ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa letu, Mama Zawadi! Wavu umejaa ndagala wanaong'aa, na harufu yao ni ya peponi. Mjane aliangalia, akaangalia, halafu katikati ya machozi akacheka. Akasema, "Hakuwahi kukamata namna hii siku hata moja." Tukaipeleka kwa pickup, weye mbele kwa dereva kama kawaida yako, mimi nyuma na maua na vumbi. Hakuna gari ulilopanda ukakubali kukaa nyuma. Hata gari la askofu ungesema, sogea.

Lakini hapo hapo ndipo tulipogombana. Unajua ule mpango wangu na Mulefu, mchimba makaburi: maua yakikauka, ananirudishia waya za kurone, nazifuta kutu, nazivisha upya. Mimi ndiye niliyemfundisha. Ukanisimamia mlangoni na mkono kiunoni.

"Marehemu amepewa, weye unamunyang'anya?"

"Maua namuachia. Nachukua mifupa tu."

"Papa Zawadi! Haya hauna?"

"Nionyeshe hata mumoja aliyekuja kulalamika."

Ukasema polepole, ukinichungulia kwa jicho moja, lingine umelifumba, "Siku yangu, minye nitakuja."

Nikacheka. Nilikuwa na meno mengi wakati ule, nilicheka kila kitu.

Na kiboko je? Asubuhi ya ndoa ya yule binti wa mkulima wa Luberizi tulishuka bustanini kwetu, pwani ya ziwa, tukakuta nyayo kubwa kama sahani na zinia zote zimeisha. Zote. Amekula mistari sita, amelala juu ya wa saba, amerudi majini. Nikasema, "Basi, kiboko ameoa." Weye hukucheka. Shangazi wa bibi-arusi alikuwa tayari barabarani, gari linanguruma, anataka maua yake. Ukamwambia, "Geuzeni gari. Mukifika kwenu, mukate mpunga."

"Mpunga?"

"Wenye masuke ya kijani. Nakuja nanyi, nitafunga huko huko."

"Mama, bibi-arusi atabeba chakula ya ng'ombe mbele ya watu?"

"Atabeba kitu baba yake amelima."

Mimi, ili kusaidia, nikaongeza kwamba jioni wakigombana watapika. Shangazi hakunisalimia tena. Lakini unakumbuka binti alipotembea kanisani? Kila hatua masuke yalikuwa yanasugua, shiii, shiii, kama mvua ndogo inayokuja kutoka mbali. Watu walinyoosha shingo waisikie. Baba yake, mzee mkavu asiyejua hata kupiga makofi, alitoa kofia na kujifunika nayo uso. Sasa nakwenda kukaa katikati ya ile sauti kila siku. Zawadi hajui, lakini hicho ndicho kilichonifanya niseme ndiyo.

Halafu ziwa likapanda. Halikuja kwa hasira kama mto Mulongwe. Lilikuja kama mgeni mwenye adabu: leo mstari wa kwanza wa bustani, juma lijalo mstari wa pili. Zinia zikasimama majini mpaka shingoni na bado zikatoa maua. Weye ukavua kandambili, ukakunja kile kitenge chako cha bustani, chenye samaki wa njano, ukaingia kuchuma. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya maji, milima ya ng'ambo haionekani. Nililiona ziwa lote limekuwa bustani yetu, na weye unatembea ndani yake, samaki wadogo wanapita kati ya mashina na miguu yako. Ukaniita, "Njoo uone! Tunavua maua!" Mimi nikabaki pwani, nikasema maji ni baridi. Mjinga mimi. Ningeingia.

Mwaka haukuisha, ukaugua, ukaenda.

Sasa nimefika kwenye kosa. Siku yako watu walijaa uani, wanangoja waone nitakutengenezea nini. Mtu aliyewapamba wafu wa Uvira miaka yote hii, kwa bibi yake atafanya maajabu. Nilikaa na waya mkononi tangu asubuhi. Baadaye niliwaambia bustani imezama na barabara ya milimani imefungwa. Sababu zote mbili zilikuwa kweli na zote mbili nilizisema kwa uongo. Bugenvilia ya jirani ilikuwa imejaa mpaka inafunika choo. Franjipani ya parokia ilikuwa imejaa. Mikono ndiyo iliyokataa. Nilikuwa nikiangalia ua, nasikia kwamba nikilifunga, basi ni kweli umekufa.

Nikavuka barabara kwa Kiza. Kiza wa maua ya plastiki, yule uliyekuwa unamwita muuza ndoo. Nikachukua kurone ya rangi ya waridi, rangi ambayo hakuna ua duniani limewahi kuivaa, labda fizi. Nikachana ukanda wa kitenge chako cha samaki, nikaufunga pale kwa fundo letu, lile la kuzunguka mara mbili na kuingiza mkia chini. Nikakuwekea. Watu wakasema nzuri. Walidanganya kwa heshima, Mungu awabariki. Tangu hapo kila nikipanda kukusalimia nilikuwa naangalia mawingu, kama mtu aliyejamba kanisani. Na tangu mvua zianze, sikupanda kabisa.

Jumamosi iliyopita nilikuwa na komande ya mwisho niliyoagizwa: kupamba gari la maharusi. Nilikuwa na bugenvilia na franjipani kwenye beseni, nimezitia maji ya ziwa kama ulivyopenda. Shangazi wa bwana-arusi akaja na mfuko. "Muzee, tumeleta na yetu kidogo, uweke hapa mbele juu ya boneti. Iko nzuri sana. Tumeipata kwa mutu mumoja mrefu, ana jembe."

Akaitoa. Kurone ya plastiki. Jua lilikuwa limeinyonya rangi mpaka imekuwa karibu nyeupe, na kwenye waya kulikuwa na ukanda wa kitenge, samaki wa njano, fundo la kuzunguka mara mbili, mkia chini.

Mama Zawadi, nilikaa chini kando ya beseni. Shangazi akadhani ni presha, akaita maji. Mimi nilikuwa naisikia sauti yako: siku yangu, minye nitakuja.

Ningeweza kupiga kelele. Ningesema kitu hiki kinatoka kwenye kaburi, na ndoa ingevunjika palepale, shangazi angezimia, bibi-arusi angevua pete kabla ya kuivaa. Ndani wanawake walikuwa wanaimba, wanamvika. Nikasimama. Nikauliza tu, "Hiki kitambaa, nikitoe?"

"Acha," akasema, "kinapendeza. Samaki ni baraka."

Basi nikafanya kazi. Nilichukua franjipani nikazichomeka kati ya yale maplastiki, moja moja, kama ulivyofanya kwenye wavu wa mvuvi. Nikazungusha bugenvilia pembeni. Mikono yangu, ile iliyokataa siku yako, safari hii ilikubali. Nilichukua muda mrefu. Dereva alipiga honi, nikamwambia anyamaze, kuna mtu namvalisha. Nilipomaliza, plastiki haikuonekana tena. Ilikuwa kurone yako, ile niliyopaswa kuitengeneza siku ile, isipokuwa imechelewa na imekaa juu ya Toyota.

Bibi-arusi akatoka, akasimama mbele yake. Akagusa ua moja kwa kidole. "Nani ametengeneza hii?"

"Minye na bibi yangu."

"Yeye iko wapi, nimushukuru?"

"Amekaa mbele," nikasema. "Hapendi nyuma."

Hakuelewa, akacheka kwa adabu, akapanda. Wakaondoka kwenda kupiga picha kando ya ziwa, honi zote zinalia, na weye mbele yao wote, upepo usoni, umeacha matanga umekwenda ndoani. Nilisimama barabarani mpaka vumbi likatulia. Nililia kidogo, nilicheka zaidi. Kiza alinichungulia toka dukani kwake, nikamtolea ulimi.

Jumapili nikapanda kwako. Kaburi liko tupu, safi. Mulefu aliniona toka mbali akataka kujificha nyuma ya jembe, mtu mwenyewe kama mlingoti. "Muzee," akasema, "usinikasirikie. Weye ndiye ulinifundisha."

"Nilikufundisha kuchukua waya, maua unaacha."

"Lakini ile haikukauka, Muzee. Nimengoja, nimengoja."

Tukakaa chini tukacheka kama wezi wawili, na ndivyo tulivyo.

Nilikuwa nimebeba kile kitenge, kilichobaki. Pembeni kilikuwa na fundo ambalo sikuwahi kulifungua. Nilifikiri umefunga dawa. Nikalifungua pale. Mbegu za zinia, Mama Zawadi, nyembamba kama kucha za mtoto. Nusu nimezipanda juu yako, Mulefu akachimbua udongo mwenyewe, bila kuambiwa. Nimemwonya kwamba hizi hawezi kuziuza, zina mizizi. Nusu nimefunga tena, nazipeleka Luberizi. Nitazipanda kwenye ukingo wa mpunga, mbele ya kibanda.

Kwa hiyo naondoka asubuhi. Sasa mguu unatoka. Najua huwezi kukaa sehemu moja, umenionyesha, na kama unaweza kupanda gari la watu usiowajua kwenda ndoani, Luberizi si mbali. Benchi ya kibanda ni fupi. Nitakaa upande wa nyuma.

Bwana yako, mwizi wa waya,
Papa Zawadi