Paka wa Kiden Hakuwa Mweusi

Koboko, Jumamosi jioni. Mawingu yamejaa upande wa Kongo lakini mvua haijaamua, na mimi macho yamevimba.

Leo nimemleta paka wa marehemu dada yangu Kiden kwa Mama. Tangu tumzike mwezi uliopita paka huyu amekuwa chumbani kwangu Arua, na mwanangu ana pumu. Anakohoa mpaka nahisi kifua changu ndicho kinachopasuka. Nikakata shauri: Mama amchukue, au nimpe yeyote sokoni atakayemtaka. Lakini jamani, nani atataka paka mweusi mwenye manyoya kama kondoo, asiyejua hata kukamata panya?

Ni wa aina ile ya kizungu inayoitwa Persian. Kiden alimpata kwa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa anarudi Juba. Mpole kupita kiasi. Ukimbeba analegea kama mtoto aliyeshiba, na kwake mgeni na mwenyeji ni mamoja. Hilo ndilo lililoniudhi. Siku za msiba alilala kwenye mapaja ya kila aliyekuja kutupa pole, anakoroma kwa raha zake.

Nilimchukia. Nilitaka naye ahuzunike.

Mama alimchukia zaidi. Kwake paka mweusi ni mkosi tu, na Kiden alipougua, Mama alishajua wa kumlaumu. Leo alitupokea mlangoni, mikono kiunoni.

"Hiyo kitu hapana ingia kwa nyumba yangu." Kiswahili chake ni cha kambini, tangu Baba alipokuwa jeshini.

Basi nikakaa na paka barazani. Kiden alikuwa akimchana kila asubuhi, ila tangu augue hakuna aliyeshika kitana. Manyoya yameshikana mafundo mafundo, ngozi imeanza kutoka vidonda. Nikaomba mkasi. Mama akanipa, akarudi kuchambua maharage yake, mgongo kwangu.

Nilipokata fundo la kwanza, chini kukawa kweupe.

Nikakata jingine. Kweupe vilevile. Kila unyoya ni mweusi nchani tu, shinani ni mweupe kabisa. Kiden alikuwa akisema hivyo siku zote, kwamba huyu ni rangi ya moshi, si mweusi, mfunueni muone. Sisi tulidhani anamtetea tu.

Nikamwita Mama. Akaja kwa shingo upande, akainama, akafunua kwa kidole ubavu ambao sijaukata. Akatazama kwa muda mrefu.

"Aliniambia," akasema. "Krismasi alikuja na yeye hapa. 'Mama, kuja uone.' Mimi nasema niko na kazi."

Akakaa palepale sakafuni, akalia. Mama yangu, ambaye kaburini hakutoa chozi. Paka naye, nusu amenyolewa, nusu bado, akampanda mapajani kama anavyompanda kila mtu. Mama hakumfukuza.

"Jina yake nani?"

"Afande," nikamwambia. Akacheka kidogo katikati ya kilio, na mimi nikashindwa kujizuia, nikalia naye.

Nimemaliza kumnyoa akiwa mapajani mwa Mama. Mama alimshika kichwa asisogee, ingawa hakusogea hata kidogo.

Kesho narudi Arua bila paka. Mwanangu atalala vizuri, nami nilidhani nitapumua.

Kiden, dada yangu, ulimwomba Mama ainame tu aangalie. Leo ameinama, na wewe hupo.