Jogoo wa Boma Lako

Turwa, Jumapili

Mwanangu Oduol,

Simu yako haipatikani tangu Pasaka, ndiyo maana nimempa barua Beryl, anayeuza chapati huko machimboni. Mahindi yamekomaa. Tangu mama yako atutoke nachoma mawili, nakula moja.

Mimi sijambo. Ila ule mkojo wa damu niliokuwa nikiumezea dawa za kichocho haukuwa kichocho. Mwanza walikata kinyama kwenye kibofu wakapima protini zake. Daktari alisema hizo ndizo huonyesha kama saratani inatembea au inakimbia. Yangu inakimbia.

Najua unangoja upate dhahabu ndipo ujenge. Usingoje. Kwetu Wajaluo baba ndiye hutangulia alfajiri na jogoo kumfungulia mwanawe boma, wewe ukifuata na shoka, mkeo Adero na moto. Kile kiwanja chako cha kilimani bado naweza kukifikia kwa miguu, nikipumzika mara mbili.

Jogoo nimeshampata, mwekundu. Namlisha yale mahindi ninayobakiza. Nikiwa sipo, baba yako mdogo anaruhusiwa kumbeba, lakini jogoo ameshauzoea mkono wangu.

Baba yako,
Olima