Punje Iliyozidi Kwenye Mkebe

Najma, Doha
Ijumaa, 17 Oktoba 2025

Dada yangu mpendwa Damaris,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako Levis. Natumai barua hii itakukuta ukiwa mzima, wewe na watoto, na kwamba mguu wa mama umeacha kufura. Mimi niko salama, namshukuru Mungu. Joto limepungua, sasa mtu anaweza kusimama langoni saa tisa alasiri bila kulaani siku aliyopanda ndege. Bado ni lile lango la Al Thumama, bado nainua na kushusha kizuizi cha magari, na bado mudiri, yaani meneja wetu, ananiita Kenya kana kwamba mama hakunipa jina.

Uliniomba niandike historia ya kiti chetu cha wadi, kurasa mbili au tatu, uzisome kwenye kikao cha Jumamosi ya wiki ijayo. Ukasema mimi ndiye mwenye kumbukumbu, na Kiswahili changu kinaeleweka. Ukaniagiza pia nimtaje kwa jina aliyetuuza mwaka wa 2022, ili kikao kipitishe kwamba wake waliotoka nje ya jamii wasishirikishwe tena mambo ya kiti. Nimejaribu wiki mbili nzima. Nikifika hapo naacha kuandika, naenda kufua sare ambayo hata si chafu. Basi wacha nikupe historia yenyewe jinsi ninavyoijua, na unisome mpaka mwisho hata ukikasirika.

Kabla ya 2012 hatukuwa na wadi. Baba na wenzake walikuwa wanakwenda mbele ya tume ya mipaka na faili lao la buluu, wakieleza kwamba sisi watu wa msituni ni wachache, na tukichanganywa na majirani hatutasikika hata tukipiga kelele namna gani. Mwishowe wadi ya Kaptirget ikakatwa, tukaambiwa hii sasa ni yenu. Tukachinja kondoo. Jameni, tulifurahi! Hakuna aliyeuliza hiyo "yenu" imeandikwa wapi. Haikuandikwa popote, Damaris. Ilikuwa ni maneno ya mdomo tu. Kabla mifupa ya yule kondoo haijakauka, majirani walikuwa wanashushwa na malori kuja kujiandikisha kwetu.

Uchaguzi wa 2013 akashinda yule mwenye mashine za kupasua mbao, mtu ambaye hakuwahi kulala Kaptirget hata siku moja. Wa 2017 sisi tukatoa wagombea wanne, kila ukoo na wake, tukagawana kura zetu kama chapati moja kwa watoto wanane, mtu wa mbao akarudi bila kutoa jasho. Tukasema kosa ni la Japheth, kwa kuwa yeye ndiye aliyejiandikisha wa nne, na kwamba lazima alinunuliwa. Ushahidi? Hakuna. Tulimnunia mpaka akahama na familia yake. Halafu kile ambacho kaunti inakiita kiti maalum cha jamii ndogo, chama kikampa mwanamke aliyejifunza salamu mbili za lugha yetu na kuvaa shanga shingoni. Wueh! Hiyo hatukumlaumu mtu wetu kwa sababu hatukupata wa kumlaumu.

Ndiyo maana nasema tuna ugonjwa. Tunashindwa kwa sababu ni wachache, na kwa sababu mpaka ulichorwa vibaya, lakini kila baada ya kushindwa tunatafuta mmoja wetu wa kumfukuza, halafu tunazidi kuwa wachache. Hata mtoto wa darasa la tatu angeona hesabu hiyo. Inanichosha, dada.

Basi ikaja 2022, tukakubaliana mtu mmoja, nawe ndiwe ukawa huyo mtu. Nilipata likizo Agosti, nikaja. Unakumbuka nilivyosimama kanisani nikawaambia vijana kwamba atakayebaki nyumbani siku ya kura si mwenzetu? Walinipigia makofi mpaka nikaona aibu kidogo. Siku yenyewe mzee Harun akakaa kwenye geti la shule na mkebe wake, na kila mtu wetu aliyeingia akatupia humo punje moja ya mahindi, ili usiku ukifika tusidanganywe. Punje zilikuwa mia mbili na kumi na nne. Fomu ya matokeo iliyobandikwa mlangoni ikasema Damaris, mia mbili na kumi na tatu. Kura iliyoharibika haikuwepo hata moja.

Wadi nzima tulishindwa kwa kura sitini na moja. Sitini na moja! Lakini watu hawakuuliza za sitini na moja. Waliuliza ya ile punje moja. Na kwa kuwa Phoebe, mke wa ndugu yetu Eugene, ni binti wa majirani, na kwa kuwa alionekana akicheka na wakala wa mtu wa mbao, ambaye ni binamu yake, kesi ikaishia hapo. Phoebe aliapa mbele ya mama kwamba alikupigia wewe. Eugene akamwambia arudi kwao kidogo, siasa itulie. Hicho kidogo kimekuwa miaka mitatu. Binti yao Ann ana miaka saba sasa, analala kwa mama, na nikipiga simu ananiuliza kama Doha ndiko mama yake alikoenda.

Na juzi umeniambia, kama mtu anayenipa habari njema, kwamba Desemba Eugene anapeleka ng'ombe wa mahari kwa kina Jeptoo, amwoe badala ya Phoebe. Sijalala vizuri tangu siku hiyo.

Damaris, ile punje ni yangu.

Februari mwaka ule, siku yangu ya mapumziko, tulikwenda ubalozini kundi zima kujiandikisha, kwa sababu Wakenya wa hapa wangemchagua rais hapahapa. Karani alitueleza jambo, sikumsikiliza, nilikuwa napiga picha. Nilidhani ya Doha ni ya rais, na ile ya nyumbani inabaki palepale ikiningoja. Siku ya kura nikampita Harun, nikatupia punje yangu mkebeni, naye akanipiga begani. Ndani nikaweka kidole kwenye mashine. Yule dada wa tume akaniangalia, akaniambia kwa upole kwamba jina langu limehamia Qatar na hapa siwezi kupiga kura ya kiti chochote.

Ningetoka pale nikasema, tungecheka tu. Lakini mimi, niliyehubiri kanisani! Nilizunguka nyuma ya darasa la nne, dirisha lilikuwa wazi, nikachukua kalamu nene ya zambarau ambayo walimu huandikia chati, nikapaka kidole kidogo cha kushoto, pale mpiga kura anapotiwa wino. Nikatoka nimekiinua. Ile picha yangu uliyoweka kwenye kurasa zako za kampeni, ni wino wa chati, dada.

Nilitaka kusema siku wanahesabu punje, nikaogopa. Nilitaka kusema Phoebe akifunga mizigo, nikajiambia ni wiki mbili tu, atarudi. Kisha nikapanda ndege. Nimempigia Eugene mara nyingi kwa ajili hiyo, tukaishia kuzungumza habari za mpira. Sina la kujitetea. Nilimwacha mke wa ndugu yangu abebe aibu yangu, na nimechoka kujichukia.

Kwa hiyo historia uliyoniomba ndiyo hii. Isome kikaoni yote, Harun akiwepo na Eugene akiwepo, na mwite Japheth naye asikie. Wakitaka kunitoa kwenye jamii, wanitoe, nimestahili. Lakini nakujua, Damaris. Utasema tungoje 2027 ipite kwanza, kwamba jambo hili litakuharibia kura, na barua utaiweka chini ya godoro. Ndiyo maana nimeandika mbili. Collins, mwenzangu wa hapa kazini, anakuja likizo na ndiye aliyebeba zote, na nimemwapisha apitie kwa kina Phoebe kwanza. Ukiipokea hii, ujue Phoebe amekwisha kusoma yake.

Nisalimie mama, umwambie nitampigia Jumapili. Nisalimie watoto wako wote, na Eugene, kama atapokea salamu zangu. Ann mwambie mama yake hayuko Doha.

Mimi ndugu yako anayekupenda,
Levis, mpiga kura wa ubalozini