Kibaraza cha Kijiti

Nyumbani, chumba cha cherehani,
Jumapili, tarehe 14 Septemba.

Mpendwa mdogo wangu Kijiti,

Pokea salamu nyingi, nyingi kuliko majani tunayofagia uani siku hizi, na habari ya hayo majani inakuja. Hujambo lakini? Kifua kimekuachia? Mara ya mwisho ulikohoa kwenye simu mpaka Mama akaenda kunywa maji yeye. Sisi huku hatujambo. Mimi dada yako mgongo, shemeji yako magoti, Mama macho. Ukituchanganya sote watatu unapata mtu mmoja mwenye afya.

Najua utashangaa, barua ya karatasi zama hizi. Simu ya nyumba hii haina siri. Ukipiga tu Mama ameshaishika, na kila ukiuliza anajibu "salama, salama," hata kama paa linawaka. Ninayotaka kukuambia hayasemeki akiwa pembeni, kwa hiyo nimeifunika cherehani nikuandikie.

Mvua hatuna. Msimu uliopita ilitunyunyizia kidogo kama mtu anayepiga pasi, na msimu huu haikuja kabisa. Bomba linatoa maji siku mbili kwa wiki. Kisima kimegeuka chumvi, wanasema bahari imeingia chini kwa chini. Upepo unavuma kutoka huko huko baharini mchana kutwa, na nguo nikianika zinakauka kabla sijamaliza kubana vibanio.

Sasa nije kwenye mkwaju wetu. Mwezi wa sita ulianza kupukutika upande wa chumba changu. Nikasema ni ukame tu, mkwaju mti mgumu, Mama na marehemu Baba waliukuta hapa umeshakuwa mkubwa, na umeshaona mengi. Kisha lile tawi la juu ya paa likakauka kabisa, na magome ya shina yakaanza kubanduka. Unajua mimi nashonea kwenye kivuli chake miaka yote. Kivuli kilipopungua chumba kikawa tanuri, na wateja waliokuwa wakisubiri nguo zao hapa wakipiga soga wakaanza kusubiria kwao.

Nilikutumia ujumbe, ukanijibu neno moja na nusu: "Ongezeni maji." Fimbo ya mbali haiui nyoka, ndugu yangu, lakini tulikutii. Kila jioni Mama alibeba ndoo mbili za maji ya kusuuzia vyombo, akazimwaga pale pale shinani, ndani ya kibaraza. Nikimpokea ndoo ananiambia niache, hiyo ni kazi aliyotumwa na mwanawe.

Na hapo kwenye kibaraza ndipo ilipo habari yenyewe. Miaka sita iliyopita uliandika kwamba Desemba unakuja. Mama akasema safari hii hukai juu ya ndoo iliyopinduliwa kama zamani. Shemeji yako unamjua, mwashi, ukimwomba kikalio anakujengea ngome. Akauzungushia mkwaju kibaraza cha mawe na saruji, akajaza udongo ndani ukapanda shinani kiasi cha goti, kisha akausakifu ua mzima usije ukachafua viatu vyako vya ugenini. Saruji ikiwa bado mbichi, Mama akaandika kwa kidole: KIJITI. Desemba ikafika, wewe ukanyimwa ruhusa kazini. Tangu hapo kibaraza hakikaliwi. Mteja akijisahau akakaa, Mama humletea kiti, tena kwa adabu kabisa, halafu anamsimamia mpaka ahame.

Hali ilipozidi nikamwita Bi Matawi. Huyu ni mama mmoja mfupi, aliyestaafu kazi ya kutunza bustani za mji, na mdomo wake una makali kuliko msumeno wake. Alikuja na kipande cha nondo. Mimi nilidhani ataangalia juu kwenye ugonjwa, yeye akaangalia chini. Alikwenda kwanza kwenye uzio, kule ambako sakafu imeishia na kivuli kinaishia, akachomeka nondo. Haikuingia hata pingili ya kidole. Akarudi shinani, akachomeka ndani ya kibaraza, ikazama kama kwenye uji. Alipoichomoa ilinuka uozo.

"Haya maji mnampa nani?" akauliza.

"Tunaupa mti," Mama akajibu.

"Mti unanywea kule, mama yangu, kule kivuli kinakoishia. Hapa ni sawa na kummwagia mtu maji mgongoni ukitaka kiu imtoke. Mmeufukia mpaka shingoni, mmeukaba kwa saruji, halafu mnauogesha kila siku. Utaacha kuoza?"

Shemeji yako akasema saruji ile ni ya daraja la kwanza. Bi Matawi akamwambia ndiyo, na kaburi litakuwa la daraja la kwanza vilevile. Jamaa alinuna siku mbili, hata chai alikunywa amenigeuzia kisogo.

Masharti yake yalikuwa haya. Kibaraza kivunjwe na sakafu ing'olewe. Udongo uondolewe mpaka mabega ya mizizi yaonekane. Tumwagilie kule pembeni mara moja kila wiki mbili, mpira utiririke polepole tangu alfajiri hadi saa nne, maji yazame chini, wala tusiuguse mti kwa maji ya kisima. Majani tunayofagia na kuchoma kwa ujinga wetu tuyatandaze juu ya udongo, yashike unyevu, ila yakae mbali na shina kwa shubiri moja. Na tukate lile tawi kavu tu. Nilitaka apunguze na mabichi yanayogusa dirisha, akanikatalia: majani mabichi ndiyo yanayoupikia mti chakula, na wakati wa njaa humnyang'anyi mtu sufuria.

Mama alisikiliza yote, akamshukuru, akamsindikiza hadi njiani. Aliporudi akasema, "Mengine fanyeni. Kibaraza cha mwanangu hakiguswi."

Wiki tatu, Kijiti. Tukabembeleza, shemeji yako mwenyewe akajitolea kujenga kingine mbali kidogo, wapi. Majani yakaendelea kushuka. Siku moja yaliangukia gauni la bibi harusi nililokuwa nimelitandaza mezani, na mimi hasira zikanipanda. Nikamwambia, "Mama, hicho kibaraza kwa miaka sita amekikalia nani?"

Neno likishatoka halirudi. Alikwenda chumbani kwake akafunga mlango, na chakula cha mchana akasema ameshiba. Sikuwahi kujichukia kama siku ile, na nakuambia wewe kwa sababu sina mwingine wa kumwambia.

Asubuhi yake nikasikia ko, ko, ko. Nikatoka. Mama amekaa kwenye kigoda, nyundo ya shemeji yako ameishika kwa mikono miwili, anagonga ukingo wa kibaraza. Hakuwa amebandua hata kipande cha ukubwa wa kitufe. Hakuniangalia. Akasema tu, "Akija akaukuta mkwaju, atakaa popote. Akikuta kibaraza kitupu, atakaa na nani?"

Nilikaa chini pale pale nikalia, naye akaniambia niache kulia nikamwite mume wangu, maana nyundo ni nzito. Tulivunja siku nne. Chini yake tulikuta mzizi mnene kama paja umebanwa na msingi hadi umekuwa bapa, na shina limelainika upande mmoja. Bi Matawi alikwangua panapooza kwa kisu, akaacha wazi papigwe na upepo. Hakupaka kitu. Tawi kavu alilikata nje kidogo ya kile kifundo linapoungana na shina, akasema kidonda kitajifunga chenyewe kikitaka.

Je, utapona? Hajui. Anasema mti mkubwa hauna haraka, unaweza kuchukua miaka mitatu kukuambia kama umeamua kuishi. Jana niliona chipukizi kwenye tawi la kati, majani madogo ya kijani. Nikamwita Mama. Kwa macho yale sidhani kama aliyaona, lakini aliyashika kwa vidole muda mrefu.

Sasa nisikilize, mdogo wangu. Tangu siku ile ya nyundo Mama hajauliza utakuja lini. Miaka yote tisa tangu uondoke aliuliza kila Ijumaa, nikawa nachoka kumjibu. Sasa ananyamaza, na ule ukimya unanitisha kuliko majani. Mkwaju umepewa miaka mitatu. Mama ana sabini na tisa, hakuna aliyempa hesabu yoyote. Usiniandikie tena "mwaka ujao." Niandikie tarehe, ama usiniandikie kitu. Nimekukumbuka mpaka nimeanza kukukasirikia, na hasira za dada mkubwa unazijua.

Shemeji yako anakusalimu. Mimi amekwisha kunisamehe, na Bi Matawi naye karibu atamsamehe. Msalimie mkeo, na umbusu binti yenu ambaye hata sauti ya mkwaju haijui. Salamu za Mama sina, kwa kuwa hajui kama nakuandikia.

Nina hili tu kutoka kwake. Kifusi tulikitupa chote isipokuwa kipande kimoja, kile chenye jina lako. Hakukubali kiondoke. Anakiweka chini ya mlango wa mbele kila asubuhi, upepo usije ukaufunga.

Mungu akulinde na baridi ya huko, na akufungulie njia.

Ni mimi dada yako, nikusemaye na nikupendaye.