Mtandio Mpya Sakafuni

Mama Mwende jirani yangu,

Salaam nyingi kutoka London, baridi inauma mpaka meno. Leo Hassan wangu, yule msomi, alinipeleka dukani akanichagulia mtandio wa bei ya juu kuliko yote. Kisha tukaingia jumba la sanaa. Picha nyingine watu hawana nguo, nikawa naangalia dari.

Hofu yangu ilikuwa moja, kwamba mwanangu ameacha kuswali huku ugenini. Alasiri ilipofika, kabla sijafungua mdomo, akamwomba mlinzi kona tulivu, akatandaza mtandio wangu mpya sakafuni. Akasema, "Hooyo, mama yangu, swali hapo. Mimi koti langu linatosha."

Alhamdulillahi. Waambie mtaa wetu wa Waberi mzima kwamba nimezaa. Na wewe Mungu akufurahishe hivyo hivyo kwa Mwende wako.

Mama Hassan